Tusiimalize Mibungo



Wakati wa kufyeka umewadia, nasi twapenda kusema neno juu ya mibungo. Twajua wako watakaocheka: mbungo ni mmea wa mwitu, nani aupandaye? Walakini twaomba mtusikilize kabla panga halijainuliwa.

Hatusemi mbungo uachwe juu ya mkarafuu. La. Mbungo hutambaa, shina lake huwa gumu kama mti, hupanda hadi kileleni ukaunyima mkarafuu jua, na mchumaji akifika huko hana pa kushika. Huo ukatwe, wala hapana mjadala. Neno letu ni juu ya ile iliyo mabondeni, mipakani na vichakani, mahali tusipopanda karafuu. Hiyo nayo hufyekwa kwa kuwa kibarua ameambiwa "safisha shamba", naye hulipwa kwa kipande. Sisi wenyewe tumekosa hivyo. Tulirudi shambani tukakuta shina nene kama paja limelala chini, linachuruzika utomvu mweupe, na la kufanya hatuna.

Karafuu, kama mjuavyo, mwaka mmoja huzaa sana na mwaka mwingine hukuacha mikono mitupu. Tena tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Aliyekuwa na karafuu peke yake alibaki na nini? Katika miaka ya uhaba, mara nyingi mke au mtoto ndiye aletaye unga nyumbani, kwa kikapu cha mabungo alichopeleka sokoni. Bungo huvunjwa ganda, kokwa zake zenye nyama ya manjano hutiwa maji, zikapekechwa, zikachujwa na kutiwa sukari, ikawa sharubati ambayo hata wageni huiulizia. Halitaki mbolea wala dawa, wala halina gharama ila ya kulichuma.

Na wenzetu wanaowafukuza watoto wachumao mabungo mpakani, kisha wao wenyewe wakayaacha yaoze, hao hatuwaelewi.

Shauri letu ni hili: kabla vibarua hawajaingia, mwenye shamba azunguke mwenyewe, afunge kitambaa kwenye kila mbungo anaotaka ubaki. Jambo hili tutalileta katika mkutano mkuu. Mwenye shauri jingine na atuletee kwa maandishi, nasi tutalisoma mbele ya wote.