Simba na soko la usajili: kilichopungua ghalani ni bao la ugenini

Kila msimu wa ligi unapofungwa, biashara ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, huwa si ya vitenge na vyombo peke yake. Huuzwa pia maneno ya usajili: nani anakuja, nani anaondoka, na dau lake ni kiasi gani. Wauza jezi huomba jina kubwa, kwa kuwa jina kubwa linauza. Wapenzi huomba mshambuliaji, kwa kuwa mabao yanaonekana. Viongozi nao, wakiogopa kelele za mtaa, mara nyingi huwapa wote wawili wanachokitaka.

Hata hivyo, mfanyabiashara makini haendi sokoni kabla ya kuhesabu mali iliyomo ghalani. Akikuta sukari imejaa na chumvi imekwisha, hanunui sukari eti kwa sababu wateja wanaisifu. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Mahesabu ya Simba katika mashindano ya klabu Afrika, kuanzia mwaka 2019 hadi 2025, yanaonyesha bila kificho ni kipi kilichojaa na ni kipi kilichopungua. Nguvu ya nyumbani imejaa. Kilichopungua ni mchezo wa ugenini, na bidhaa hiyo ndiyo inayonunuliwa mara chache kuliko zote.

Mizani ya nyumbani na ugenini

Katika kipindi hicho Simba ilifika robo fainali mara 6, nne za Ligi ya Mabingwa na mbili za Kombe la Shirikisho. Matokeo ya hatua ya mtoano, kuanzia robo fainali, ni haya; mabao ya Simba yametangulia:

2019, TP Mazembe: nyumbani 0-0, ugenini 1-4.
2021, Kaizer Chiefs: nyumbani 3-0, ugenini 0-4.
2022, Orlando Pirates: nyumbani 1-0, ugenini 0-1.
2023, Wydad Casablanca: nyumbani 1-0, ugenini 0-1.
2024, Al Ahly: nyumbani 0-1, ugenini 0-2.
2025, Al Masry: nyumbani 2-0, ugenini 0-2.
2025, Stellenbosch: nyumbani 1-0, ugenini 0-0.
2025, RS Berkane, fainali: nyumbani 1-1, ugenini 0-2.

Jumla yake haihitaji mtaalamu. Nyumbani, Dar es Salaam na Zanzibar, Simba ilicheza michezo 8, ikafunga mabao 9 na kufungwa 2. Ugenini ilicheza michezo 8, ikafunga bao 1 na kufungwa 16. Haikushinda hata mchezo mmoja, na sare ilikuwa moja tu, ile ya Afrika Kusini mbele ya Stellenbosch. Bao hilo moja ni la Emmanuel Okwi, alilolifunga mapema Lubumbashi mwaka 2019 kabla Mazembe hawajajibu kwa manne.

Duka lenye hesabu ya namna hii halina shida ya wateja wala shida ya jina. Lina shida ya mali kuharibika njiani.

Hasara yake katika fedha

Wapo wanaosema kufika robo fainali kunatosha. Kwa viwango vilivyotangazwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, mwaka 2023, klabu inayoishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa hupata dola 900,000, ya nusu fainali hupata dola milioni 1.2, na bingwa hupata dola milioni 4. Katika Kombe la Shirikisho, bingwa alitengewa dola milioni 2 na mshindi wa pili dola milioni 1.

Kwa hiyo fainali ya Mei 2025 dhidi ya Berkane, pamoja na heshima ya kombe, ilikuwa na tofauti ya dola milioni 1. Simba ilifungwa mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza kule Morocco. Yaliyobaki, dakika zote za Berkane na dakika zote za Amaan, yalikuwa juhudi za kulipa deni la dakika 15. Ni vigumu kutaja katika soka la Tanzania robo saa nyingine iliyogharimu kiasi hicho.

Hoja zinazotolewa

Mjadala wa usajili una hoja tatu zinazorudiwa kila mwaka, na kila moja inastahili kupimwa.

Hoja ya kwanza ni bahati. Inasemwa kwamba mwaka 2022 na 2023 Simba ilitolewa kwa mikwaju ya penalti, 4-3 mara zote mbili, na penalti hazina mwenyewe. Ni kweli. Lakini penalti zilikuja kwa sababu ushindi wa 1-0 wa Dar es Salaam ulifutwa kwa kufungwa 1-0 ugenini. Katika mashindano ya CAF bao la ugenini lina uzito wa pekee pale jumla inapolingana. Laiti Simba ingefunga bao moja tu Johannesburg mwaka 2022, hata kwa kufungwa 2-1, ingepita. Casablanca 2023, vivyo hivyo. Na mwaka 2021, kama kipigo cha Kaizer Chiefs kingekuwa 4-1 badala ya 4-0, zile 3-0 za Dar es Salaam zingetosha kuivusha. Mara tatu, basi, nusu fainali ilikosekana kwa bei ya bao moja la ugenini. Jambo linalojirudia mara tatu kwa namna ileile halifai tena kuitwa bahati.

Hoja ya pili ni mshambuliaji. Kama kilichokosekana ni bao, wanasema, basi anunuliwe mfungaji. Hoja hii ina sura nzuri, lakini ghala linaikataa. Simba haikuwa na njaa ya wafungaji. Meddie Kagere alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2018/19 na akarudia 2019/20. John Bocco alifunga mawili katika zile 3-0 za Chiefs. Jean Baleke aliwafunga Wydad Dar es Salaam. Wafungaji haohao, wakisafiri, walikauka. Mshambuliaji hafungi mpira ambao haujamfikia. Timu inayoshindwa kutoka katika nusu yake, inayopiga mpira mbele ili kupumua na kuupokea tena baada ya sekunde chache, inaweza kumnunua mfungaji ghali kuliko wote katika Afrika na bado irudi nyumbani na sifuri.

Hoja ya tatu ni uwezo. Inadaiwa kwamba klabu za Kaskazini na za Afrika Kusini zina fedha nyingi, na kwamba kufungwa kwao ni jambo la kutarajiwa. Kwa Al Ahly hoja hiyo ina nguvu, ingawa Oktoba 2023, katika African Football League, Simba ilipata sare ya 1-1 Cairo baada ya 2-2 Dar es Salaam, ikatoka kwa kanuni ya bao la ugenini. Lakini jibu kamili halipo Cairo. Lipo mitaa michache tu kutoka Msimbazi, upande wa Jangwani.

Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, ilishinda michezo yake yote mitatu ya ugenini kuanzia robo fainali: 2-0 kwa Rivers United nchini Nigeria, 2-1 kwa Marumo Gallants nchini Afrika Kusini, na 1-0 kwa USM Alger jijini Algiers. Kombe lilipotelea nyumbani, kwa kufungwa 2-1 Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilitoka 0-0 na Mamelodi Sundowns huko Pretoria kabla ya kutolewa kwa penalti. Michezo 4 ya ugenini, mabao 5 ya kufunga, bao 1 la kufungwa. Ni klabu ya mji uleule, ligi ileile na kanuni zilezile za wachezaji wa kigeni. Mpenzi wa Simba hapendi kuisoma hesabu hii, lakini mwenye duka lazima ajue bei ya jirani.

Kipi kinunuliwe

Kanuni za Ligi Kuu katika misimu ya karibuni zimeruhusu wachezaji 12 wa kigeni kwa klabu. Rafu ni fupi, na kila nafasi inayopewa jina la kuuza jezi inamnyima nafasi mtu wa kazi.

Kwa mujibu wa mizani iliyotajwa, mahitaji ya kwanza ni kiungo wa chini anayeweza kupokea mpira akiwa amebanwa, akautunza na kuutoa salama. Si mkabaji tu, wala si fundi wa pasi za mwisho, ambao Simba imekuwa nao mara kwa mara. Ni mtu wa kupunguza kasi ya mchezo pale uwanja mzima unapopiga kelele.

Mahitaji ya pili ni beki wa kati mwenye umri na uzoefu wa kupanga wenzake katika dakika 20 za mwanzo, muda ambao wenyeji wa Morocco na Misri hutaka kummaliza mgeni. Ya tatu ni winga mwenye mbio za kweli, ili kila anayeshambulia lango la Simba ajue kuna hatari nyuma yake. Mshambuliaji wa kati awe wa nne.

Lakini kigezo cha kumchagua ni muhimu kuliko nafasi yenyewe. Usajili bora wa Simba katika kipindi hiki uliwahi kufanywa kwa kigezo sahihi, hata kama haukupangwa hivyo. Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji iliitoa Simba kwa sare ya 1-1 Dar es Salaam, na bao la wageni lilifungwa na Luis Miquissone. Miezi michache baadaye Simba ikamchukua. Huyo ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Al Ahly Februari 2021, katika msimu ambao Simba iliongoza kundi mbele ya Al Ahly kwa pointi 13. Alinunuliwa mtu aliyekwisha kuonekana akifanya kazi katika uwanja wa watu, mbele ya mashabiki wasio wake.

Duka halihamishwi kila mwaka

Lipo jambo moja ambalo fedha za usajili haziwezi kulifidia. Robo fainali hizo 6 zilichezwa chini ya makocha 6: Patrick Aussems, Didier Gomes, Pablo Franco, Roberto Oliveira, Abdelhak Benchikha na Fadlu Davids. Hakuna hata mmoja aliyerudi mwaka uliofuata kurekebisha alichokiona ugenini. Kila mmoja alijifunza somo, akaondoka nalo.

Wachezaji nao ni vivyo hivyo. Mwaka 2021, baada ya msimu wa pointi 13, Miquissone aliuzwa Al Ahly na Clatous Chama akauzwa Berkane. Oktoba ya mwaka huohuo Simba ilishinda 2-0 Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, kisha ikafungwa 3-1 Dar es Salaam na kutolewa katika hatua za awali. Fedha za mauzo ziliingia, fedha za Ligi ya Mabingwa zikapotea. Mwaka 2025 tena, ndani ya miezi minne baada ya fainali ya Amaan, nahodha Mohamed Hussein alikuwa amehamia Yanga na kocha Fadlu Davids alikuwa amekwenda Raja Casablanca.

Kuuza si kosa. Klabu isiyouza haiishi. Kosa ni kuuza uzoefu wa safari kisha kununua sifa za nyumbani. Wachezaji waliofungwa mawili Berkane mapema namna ile ndio wanaojua kwa nini walifungwa, na elimu hiyo imekwisha kulipiwa. Kuwaacha wote na kuanza na wageni ni sawa na kulipa ada ya shule mara mbili kwa darasa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wowote mpya, kamati ya usajili ya Msimbazi ingefaa iulize maswali matatu. Mchezaji huyu alicheza vipi michezo yake mitano ya mwisho ugenini? Je, timu yake ilipobanwa, mpira ulikaa miguuni mwake au ulimkimbia? Na atakuwepo hapa misimu mitatu? Majibu ya maswali hayo hayauzi jezi siku ya kwanza. Yanauza tiketi za nusu fainali, na hizo ndizo Simba ilizikosa mara tatu kwa bao mojamoja.