Faili likaguliwe kabla ya kufunguliwa na kusambazwa

KWA wakulima wa mihogo wa ukanda wa pwani, ugonjwa wa michirizi ya kahawia si jambo geni. Wataalamu waliueleza tangu miaka ya 1930, enzi za Tanganyika. Nzi weupe huueneza kutoka shamba hadi shamba, lakini unapovuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine, mara nyingi hubebwa na binadamu ndani ya pingili za mbegu alizopewa na ndugu au rafiki. Shina huonekana zima, na ubovu hujulikana siku ya kung'oa.

Kinachosababisha ugonjwa huo ni virusi. Virusi vya kompyuta na simu ni kitu kingine kabisa, kwani hizo ni programu zilizoandikwa na watu kwa nia ya kuharibu au kuiba. Hata hivyo, safari yao inafanana: vyote hupita mkono hadi mkono, baina ya watu wanaoaminiana.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wakulima na wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa shughuli zao nyingi siku hizi zinakwenda kwa mafaili. Orodha ya bei, fomu ya mkopo, ankara ya pembejeo na majina ya wanachama hutumwa kwa WhatsApp, kwa baruapepe au kwa flashi. Katibu wa chama cha msingi hupakua fomu asubuhi, akawatumia viongozi wa vijiji, nao wakawatumia wanachama. Kabla ya adhuhuri faili hilo moja limefika kwenye simu nyingi.

Swali la kujiuliza ni nani aliyelikagua. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Kila mmoja amelifungua kwa sababu limetoka kwa mtu anayemfahamu, na yule anayemfahamu alilifungua kwa sababu hiyo hiyo.

Waandishi wa virusi wanaijua tabia hiyo na wameitumia kwa muda mrefu. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilijificha ndani ya waraka wa Word, na kilipofunguliwa kilijituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani za mwenye kompyuta. Mei 2000 kikafuata kingine kutoka Ufilipino, kilichojulikana kama ILOVEYOU, ambacho kilijifanya barua ya mapenzi na kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Waathirika wengi hawakupokea barua hiyo kwa mtu baki. Waliipokea kwa wafanyakazi wenzao, wateja wao na jamaa zao.

Tangu wakati huo virusi vimebadilika kutoka uharibifu hadi biashara ya wizi. Vipo vinavyofunga mafaili yote ya kompyuta kisha kudai fedha ili viyafungue. Mei 2017 kirusi cha aina hiyo, WannaCry, kiliingia katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za serikali nchini Uingereza. Chenyewe kilipita kwenye mtandao kupitia kasoro ya Windows ambayo marekebisho yake yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa.

Ushirika wa wakulima nao haujasalimika. Septemba 2021, wakati wa kuanza mavuno, chama cha ushirika wa nafaka cha NEW Cooperative katika jimbo la Iowa, Marekani, kililazimika kuzima mifumo yake baada ya wahalifu kudai dola milioni 5.9. Virusi vya kudai fidia huingia kwa njia kadhaa, na kiambatanisho kilichofunguliwa bila kukaguliwa ni mojawapo.

Chama kidogo cha msingi hakiwezi kudaiwa fedha za kiasi hicho. Lakini hesabu yake ya kilo alizoleta kila mkulima ndiyo haki ya mkulima huyo mpaka siku ya malipo. Iwapo hesabu hizo zipo kwenye kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ikafungwa na kirusi wiki moja kabla ya malipo, mkulima aliyepoteza karatasi yake ya mizani atadai kwa ushahidi gani? Hasara hiyo haitampata aliyefungua faili peke yake. Itawapata watu ambao pengine hawajawahi kugusa kompyuta.

Kwenye simu hatari ni ya namna nyingine. Wahalifu hutuma programu za Android kwa jina la mkopo wa haraka, ruzuku au zawadi, zikiwa na herufi .apk mwishoni mwa jina. Programu mbaya ikishapewa ruhusa huweza kusoma ujumbe mfupi, zikiwamo namba za uthibitisho za benki. Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake umo ndani ya simu, huo ni sawa na kumkabidhi mwizi ufunguo wa duka.

Kinga yenyewe si ngumu kama wengi wanavyodhani. Jambo la kwanza ni kutazama jina la faili mpaka mwisho. Faili linaloitwa ankara.pdf.exe si ankara, ni programu. Mengine ya kuogopwa ni yanayoishia na .scr, .bat au .vbs. Barua ile ya mwaka 2000 iliwanasa watu kwa ujanja huo huo: jina lake lilikuwa na .TXT ikifuatiwa na .vbs, na kompyuta nyingi zilikuwa zimeficha herufi hizo za mwisho. Hadi leo Windows huzificha mpaka mwenyewe abadilishe mpangilio. Vivyo hivyo, hakuna orodha ya bei wala fomu ya pembejeo inayohitaji kuja kwa umbo la .apk.

Jambo la pili ni kulikagua faili kwa programu ya kukinga virusi, maarufu kama antivairasi, kabla ya kulifungua. Katika kompyuta za Windows faili huhifadhiwa kwanza, kisha hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri yenye neno Scan. Kazi hiyo huchukua sekunde chache kwa faili la kawaida. Flashi nayo hukaguliwa yote kwa namna hiyo hiyo kabla ya kufungua chochote kilichomo.

Wapo watakaosema antivairasi ni gharama. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, lakini Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake bila malipo ya ziada, na simu nyingi za Android zenye duka la Google zina mkaguzi wake tangu 2017. Kinachohitajika ni kuhakikisha kinga hiyo haijazimwa na inasasishwa. Programu hizi hutambua virusi vingi kwa kuvilinganisha na orodha ya vile vinavyojulikana, hivyo orodha ya mwaka jana haiwezi kumtambua mwizi wa mwaka huu. Inafaa pia kukumbuka kwamba Windows 7 iliacha kupewa marekebisho Januari 2020, na muda wa kawaida wa Windows 10 uliishia Oktoba 2025.

Kwa faili linalotia shaka ipo tovuti ya VirusTotal, iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo ni mali ya Google tangu 2012. Hulikagua faili moja kwa makumi ya antivairasi kwa wakati mmoja, bila malipo. Tahadhari ni kwamba faili linalowekwa huko huweza kuonwa na wataalamu na makampuni ya usalama. Kwa sababu hiyo orodha ya wanachama, vitambulisho au hesabu za duka zisipelekwe huko.

Hata hivyo, ukaguzi wa mashine una mipaka yake. Kirusi kipya kinaweza kupita bila kutambuliwa, na faili lililobanwa na kufungwa kwa neno la siri huwa haliwezi kuchunguzwa ndani. Waraka wa Word au Excel unaomdai msomaji abonyeze Enable Content ili usomeke unapaswa kutiliwa shaka. Microsoft yenyewe mwaka 2022 ilianza kuzuia amri zilizofichwa ndani ya nyaraka zinazotoka kwenye intaneti, kwa kuwa zilikuwa mlango mkubwa wa virusi. Katika hali kama hizo dawa ni kumpigia simu aliyetuma na kumuuliza kama kweli ametuma yeye, na amelipata wapi.

Maduka ya stesheneri nayo yana wajibu. Kompyuta moja ya kuchapia hupokea flashi za walimu, wanafunzi, madiwani na wafanyabiashara kwa siku moja. Wengi wameshaona flashi ikirudi kutoka huko mafolda yamefichwa na mahali pake pamewekwa vitufe vya njia ya mkato. Mwenye duka anayekagua kila flashi mbele ya mteja hapotezi muda, bali anajijengea jina. Mteja kwa upande wake apeleke flashi yenye kazi ya kuchapa tu, hesabu za biashara zibaki nyumbani.

Lakini mzigo mkubwa zaidi unapaswa kubebwa na wale wanaosambaza: makatibu wa vyama, viongozi wa SACCOS, mawakala wa pembejeo na wanunuzi wa mazao. Faili likikaguliwa na mtu mmoja kabla ya kutumwa, mia moja wanapona. Likiachwa likaguliwe na kila anayepokea, atatosha mmoja kusahau. Ni busara ile ile ya mfugaji anayemtenga ng'ombe aliyetoka mnadani kabla ya kumchanganya na kundi.

Tena si kila taarifa inahitaji kuwa faili. Bei za mazao zenye mistari kumi zinaweza kuandikwa kwenye ujumbe wenyewe. Fomu iliyopo kwenye tovuti ya taasisi husika haina sababu ya kuzungushwa kwenye makundi, inatosha kuwaelekeza wanachama wakaichukue huko.

Mwisho, hesabu muhimu ziwe na nakala nyingine kwenye diski inayochomolewa baada ya kazi, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa. Nakala ya karatasi isidharauliwe.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotambua kuharibu data na kuvuruga mifumo ya kompyuta kuwa makosa. Sheria humshughulikia mhalifu akikamatwa, wala hairudishi daftari la mizani lililopotea.

Hivyo basi, kila chama kinachotunza hesabu za wakulima kwenye kompyuta kimteue mtu wa kukagua mafaili kabla hayajatumwa, kipange siku ya wiki ya kutengeneza nakala, na kuyaandika hayo kwenye muhtasari wa mkutano. Mwanachama anayo haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni nani aliyepewa kazi hiyo, kama anavyouliza nani anashika ufunguo wa ghala.