Aliyepiga Gitaa Upande wa Pili Analipwa Lini?

Wasee, kuna tabia tumezoea na inaniudhi. Kampuni ya Ulaya ikitoa upya muziki wa zamani wa Kenya, sisi huku tunaposti picha ya kava, tunaandika "dunia imetutambua", kisha tunaendelea na maisha. Hakuna anayeuliza nani alipiga lile gitaa. Hakuna anayeuliza kama alilipwa, ama kama yuko hai. Mimi nasema hivi: santuri ikirudi sokoni bila majina ya wapigaji na bila mgao wao, kilichookolewa ni bidhaa tu. Wenyewe wamebaki palepale.

Chukua mfano unaojulikana. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa rekodi 32 za miaka ya 70 na 80. Nyingi zilikuwa zimetoka mara moja tu kwenye santuri ndogo za inchi 7. Mwaka wa 2016 wakaongeza mkusanyiko wa pili. Kazi safi, nasema bila wivu. Lulus Band, Mombasa Vikings na Nairobi Matata Jazz wakaanza kusikizwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Na sisemi Soundway walimdhulumu mtu. Shida ninayoiona iko kwa mfumo, na huo mfumo ni wetu hapa Kenya.

Ngoja nieleze kwanza zile santuri zilifanya kazi vipi, juu wengi wetu tunazijua kama mapambo ya ukuta kwa mkahawa Westlands. Upande mmoja wa santuri ndogo unabeba dakika chache tu. Wimbo wa benga ama rumba unataka zaidi ya hizo. Kwa hivyo waliukata: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Kuimba kwingi kunaisha upande wa kwanza. Ukigeuza, mara nyingi mwimbaji ameshanyamaza na magitaa yameshika usukani: solo inapanda, ridhimu inajibu, besi inatembea, ngoma inasukuma.

Kuna jamaa wanapenda kusema ati sisi hatujawahi kuwa na muziki wa ala tupu, wa kukaa chini na kusikiza kama ile roki ndefu ya Brazil au Ujerumani. Buda, geuza santuri. Ulikuwa upande wa pili miaka hiyo yote.

Sasa soma karatasi ya katikati. Jina la wimbo lipo. Jina la bendi lipo. Mtunzi yupo, kampuni ipo, nambari ipo. Aliyepiga solo hayupo. Mwimbaji hata asipoandikwa, kuna shabiki ataijua sauti yake. Mpiga besi nani atamjua? Na wengi wa hawa walilipwa mara moja, pesa ya siku hiyo ya studio, halafu kwaheri.

Hapo ndipo sheria inaingia, na tafadhali usiruke hii sehemu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Lakini rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tu, kuhesabu kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki ya mpigaji kwa kile alichopiga pia ni miaka 50 tangu kirekodiwe. Fanya hesabu. Rekodi ya 1974 ililindwa hadi 31 Desemba 2024. Ya 1975, hadi 31 Desemba 2025. Ya 1976 mwisho wake ni 31 Desemba 2026. Kila mkesha wa mwaka mpya, tukirusha fataki, rundo zima la santuri zetu za zamani linafunguka hapa kwa yeyote anayetaka kuzichapisha. Familia ya mtunzi bado ina kitu cha kudai. Mpiga gitaa ambaye hakutunga wimbo amebaki mikono mitupu, hata kama bado yuko hai na vidole vinacheza.

Najua jibu litakalokuja: basi tuongeze miaka, tuwe kama Uingereza. Ni kweli, mwaka ule ule wa 2013 Uingereza iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2011. Lakini ukiongeza miaka peke yake unamnenepesha yule anayeshika rekodi, na mara nyingi huyo si mpigaji. Cha maana kwenye lile agizo ni kipande ambacho watu hawakitaji. Kwa ile miaka iliyoongezwa, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 20 ya mapato ya rekodi hizo kwa wapigaji wa studio waliolipwa mara moja na kusahaulika. Wao huko waliona mpiga gitaa wa kukodishwa ana haki ya kula tena wimbo ukiuza tena. Sisi tukiiga, tuige hicho. Wabunge wakileta miaka 70 bila hiyo asilimia 20, tukatae.

Jibu la pili huwa ni hili: "Bila wazungu hizo nyimbo zingeoza." Zingine, ndiyo. Lakini ukiokota mtoto wa jirani barabarani, unampeleka kwao. Huwezi kumbadilisha jina. Na inawezekana kufanya vizuri. Tazama Ethiopia. Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Walias Band, alikuwa Washington akiendesha teksi. Mwenye kampuni ya Marekani, Awesome Tapes From Africa, akamtafuta hadi akampata, na mwaka wa 2013 akatoa upya kanda yake ya 1985. Mwaka uliofuata ikafuata Tche Belew, albamu ya ala ambayo Walias walitoa 1977. Mzee akarudi jukwaani, akazunguka dunia, na 2018 akatoa albamu mpya kabisa. Hiyo ndiyo maana ya kutoa upya: aliyepiga anapata kazi tena.

Jibu la tatu: "Hapa Kenya hakuna mtu ananunua santuri." Panda matatu mbili kutoka hapa Loresho ufike Kenyatta Market, uone kibanda cha Jimmy Rugami. Miaka na miaka anauza santuri, na wateja wanakuja. Na tusijifanye hatuwezi kazi ya utafiti. Tabu Osusa na Ketebul Music walitoa mradi wao wa benga mwaka 2008, wakafuatisha muziki wa Kikuyu 2010, na vibao vya fanki vya Kenya 2011. Waliweka muziki pamoja na kitabu na filamu, na waliwafuata wanamuziki wenyewe wakawahoji. Ilifanyika hapa hapa Nairobi. Kwa hivyo shida si uwezo.

Shida ni kwamba hatuandiki majina. PRiSK, chama cha kukusanya mirabaha ya waimbaji na wapigaji, hakiwezi kumlipa mtu ambaye hayuko kwenye karatasi yoyote. Kampuni ya London, hata ikiwa na roho safi, itamlipa anayeshika lebo na kumaliza, juu huyo ndiye ana makaratasi. Na mzee aliyepiga solo yuko kwake kijijini, anasikia kazi yake kwa redio ya boda boda, wala hana cha kuonyesha.

Kwa hivyo kazi iko kwetu, na haingoji Bunge. Mnaoishi na shosh na guka kwa hizi nyumba za zamani za Loresho na Kyuna, lile boksi la santuri gerejini lifungueni. Piga picha karatasi ya katikati, pande zote mbili. Kisha muulize mzee: nani alikuwa kwa solo? Nani alikuwa kwa besi? Mlirekodi wapi, mwaka gani? Mrekodi kwa simu akijibu. Hata jina la utani ni mwanzo, na mwaka ni muhimu kuliko mnavyofikiria, juu ndio unaohesabiwa.

Na ukiona kampuni, ya Ulaya ama ya hapa River Road, inatangaza toleo jipya la bendi ya zamani, usiishie kwa moto moto. Uliza maswali mawili: wapigaji wameandikwa? Wapigaji wamelipwa? Wakijibu vizuri, nunua, na umnunulie rafiki. Wakinyamaza, weka pesa yako mfukoni.

Walio na rekodi za 1976 nyumbani, anzeni na hizo.