Ghala la Picha na Karatasi za Nyumbani

Juma hili natuzungumze juu ya ghala. Si ghala la mahindi, maana hilo mwalijua kuliko mimi. Twajua sote kwamba mtu mwenye busara haweki mavuno yote katika kihenge kimoja, na mbegu huzitenga mbali na chakula.

Lakini tazameni tuyafanyayo siku hizi. Picha za harusi, picha ya marehemu baba, hati ya shamba iliyopigwa picha, vyeti vya watoto, hesabu za duka: vyote vimo katika simu moja. Simu ikitumbukia kisimani, au ikiibwa sokoni, vyote vimekwenda. Hati yaweza kuombwa tena kwa taabu. Picha ya marehemu haipigwi tena.

Ndiyo sababu watu wengi, hasa huko Ulaya na Marekani, hujijengea ghala la namna nyingine nyumbani. Ni kompyuta moja isiyozimwa, ikaayo pembeni, yenye diski mbili au zaidi. Simu zote za nyumba hiyo hutuma humo nakala za picha na karatasi. Kompyuta ya namna hii huitwa seva. Kijana aliyesoma kidogo ufundi wa kompyuta aweza kuijenga hata kijijini, mradi nyumba ina umeme.

Hapana haja ya kununua kompyuta mpya. Iliyokwisha kutumika ofisini yatosha, kama ina mahali pa kufunga diski mbili, na kama kumbukumbu yake ya kufanyia kazi yaweza kuongezwa. Msichanganye kumbukumbu hiyo na diski: diski ni kabati, kumbukumbu ni meza. Kabati huweka vitu hata usiku taa zikizimwa. Meza hubeba kazi ya sasa tu.

Jambo jingine la kuangalia ni umeme, kwa kuwa mashine hii haipumziki. Kompyuta ndogo ilayo wati 40, ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30, yatumia uniti karibu 29. Ile kubwa ya zamani ilayo wati 100 yatumia uniti 72. Basi bei ya chini dukani isikudanganye. Fanya hesabu ya mwezi kwanza.

Sasa tuje kwenye diski. Mashine ya kwanza ya diski iliyouzwa ilitoka katika kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wake ulipita tani moja. Iliweka herufi milioni 5 tu. Siku hizi picha moja ya simu yatosha kuijaza. Leo diski ya terabaiti 1 hushikwa mkononi, na picha za megabaiti 4 huingia humo 250,000.

Lakini diski hufa, hata ile nzuri, tena mara nyingi bila kuaga. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walionyesha jinsi diski nyingi za bei nafuu ziwezavyo kuunganishwa zikasaidiana. Namna iliyo rahisi ni pacha: kila kiandikwacho katika diski ya kwanza huandikwa katika ya pili pia. Diski mbili za terabaiti 4 zakupa nafasi ya terabaiti 4 tu, lakini moja ikifa, kazi yaendelea.

Namna nyingine ni ya diski tatu. Ifikirini hivi: ya kwanza ina 5, ya pili ina 3, ya tatu yaweka jumla, yaani 8. Ile ya kwanza ikipotea, toa 3 katika 8, nawe umeipata tena 5. Mashine hufanya hesabu ya aina nyingine, lakini akili yake ndiyo hiyo.

Mnunuapo diski, ulizeni jambo moja. Ziko ambazo mistari yake huandikwa kwa kupandiana kama vigae vya paa. Hizo zafaa kuweka vitu visivyobadilishwa mara kwa mara, lakini katika seva huchelewa sana wakati wa kujaza diski mpya badala ya iliyokufa. Kwa pacha, chagueni zisizopandiana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya diski huoza isipokaguliwa: herufi moja hapa, nyingine pale, hugeuka kimyakimya, nawe hujui mpaka picha ikatae kufunguka. Programu iitwayo ZFS, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems, huweka alama ya hesabu kwa kila kipande. Ikikuta kipande kisicholingana na alama yake, hukitengeneza kwa kukinakili kutoka diski pacha. Iamuruni ikague ghala lote kila mwezi.

Hapa sasa nawaomba msome polepole, maana ndipo penye hasara kubwa. Diski pacha si akiba! Mtoto akifuta picha katika moja, imefutwa papo hapo katika ya pili. Radi ikipiga, hupiga zote mbili. Mwizi hubeba kompyuta nzima. Hakuachii pacha mmoja. Pacha hukukinga na kifo cha diski moja, basi.

Kanuni iliyo nzuri ilienezwa na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kwetu si vigumu. Moja ni katika simu, ya pili katika seva, ya tatu katika diski ya nje ambayo hupelekwa kwa shangazi kijiji cha pili, na kubadilishwa kila miezi mitatu. Asiye na umeme wala seva naye aweza kuishika kanuni hii: anunue diski mbili za nje, ajaze mjini, na moja asilale nayo nyumba moja.

Yako tena matumizi mengine ya seva. Kompyuta moja ya chuma yaweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizo na chuma, ziitwazo mashine pepe. Jambo hili si geni. IBM ilitangaza programu yake ya namna hiyo mwaka 1972. Siku hizi programu kama Proxmox, itokayo Vienna huko Austria, hupatikana bila kulipa. Ni kama nyumba moja yenye vyumba, kila chumba na mlango wake. Chumba kimoja chatunza picha, kingine ni cha hesabu za duka, cha tatu ni cha mwanafunzi kujifunzia. Mwanafunzi akiharibu chake, vingine havina habari, na akiwa amehifadhi hali yake kabla ya kujaribu, aweza kurudi pale alipokuwa.

Ila kila chumba chataka sehemu ya meza. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 hubanwa upesi. 16 ni nafasi ya kupumua. Basi mkitaka kuikuza seva, fuateni utaratibu. Kwanza, nakala ya akiba. Pili, betri ya kuishika mashine umeme ukatikapo, ipate kujizima kwa adabu. Tatu, kumbukumbu. Mwisho, diski kubwa zaidi. Katika pacha badilisheni diski moja, ngojeni ijae kabisa, ndipo mbadilishe ya pili. Nafasi haiongezeki mpaka zote mbili ziwe kubwa. Kama pana mahali pa diski ya tatu, fungeni ile mpya kabla ya kuitoa ya zamani, pacha asibaki peke yake.

Jambo la mwisho, wala halina gharama. Chagueni jioni moja, mwilete ile diski ya kwa shangazi, mwifungue katika kompyuta nyingine, mtafute picha ya babu na hati ya shamba. Zikifunguka, mna akiba. Zisipofunguka, mmejua leo, wakati hati halisi ingali sandukuni na picha ingali katika simu. Shime, wasomaji, ifanyeni kazi hiyo kabla ya masika.