Eti "Hii Si Chekechea"

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimehamia ughaibuni. Sijahamia. Ni kazi tu, na mteja mmoja ambaye hubadilisha mawazo kila Jumatatu. Niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, lakini leo mtanisamehe. Nina hasira, na nikiwa na hasira siandiki chochote cha maana kuhusu hifadhidata.

Habari yenyewe ni hii. Mimi ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kundi la waandishi wa programu kwenye Telegram. Tulilianzisha mwaka 2018 tukiwa chuoni, watu kama arobaini tuliojuana kwa majina na kwa madeni ya chapati. Leo tumo zaidi ya elfu moja. Wiki iliyopita msimamizi mwenzangu (tunaheshimiana, na najua anasoma hapa, habari yako kaka) alileta hoja kwamba kila anayetaka kuingia apewe kwanza maswali matatu ya kiufundi. Akishindwa, mlango umefungwa. Sababu yake ni kwamba maswali ya kitoto yamezidi, wakongwe wamechoka na hawaandiki tena, na, nanukuu, "hii si chekechea." Kura itapigwa Jumapili saa tatu usiku. Wengi wameshaweka vidole gumba.

Mimi nitapinga. Na kabla hamjaniambia kwamba najifanya mtakatifu, nianze na dhambi yangu mwenyewe.

Mwaka juzi kijana mmoja aliingia kundini jioni, akaanza na "samahani wakuu" (kwa nini tunawafundisha watu kuomba msamaha kabla hawajakosa?) kisha akauliza kwa Kiswahili safi. Alikuwa anaunganisha duka dogo la mtandaoni na Daraja, ule mfumo ambao Safaricom imewafungulia waandishi wa programu ili programu zao ziweze kuomba malipo ya M-Pesa. Taarifa ya kwamba mteja amelipa ilikuwa haimfikii. Akabandika kipande cha kodi (kodi ya kompyuta, si ile ya KRA), na ukikitazama sekunde tano unaona tatizo. Pale panapoandikwa anwani ya kurudishia taarifa, alikuwa ameandika anwani ya ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ile 127.0.0.1.

Jibu lake ni mistari miwili. Anwani hiyo kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe, kwa hiyo seva ya Safaricom haiwezi kukufikia kupitia hapo. Tafuta anwani ya hadharani yenye https, na ukiwa bado unajaribu, tumia kitu kama ngrok ikufungulie njia ya muda. Basi. Mimi mwenyewe jambo hilo hilo liliwahi kunikalisha siku mbili nzima, na aliyenitoa shimoni alikuwa mtu nisiyemjua.

Sasa sikiliza alichopata yeye. Kwanza kibandiko cha mtu anayecheka mpaka analia. Halafu, "Google ni bure mkuu." Halafu mwingine akamwambia aandike kwa Kizungu ili tumwelewe, kana kwamba hatukuwa tumemwelewa! Halafu nikaja mimi, msimamizi, nikaandika: "Soma maelezo ya Daraja kwanza. Tusijaze kundi." Nakumbuka nilijiona nimefanya kazi yangu. Baada ya dakika chache alikuwa amefuta ujumbe wake na kutoka.

Mwezi uliopita ofisini kwetu alikuja mwanafunzi wa mafunzo ya kazini. Kijana mwepesi, anauliza vizuri, anaandika kodi inayosomeka. Tukiwa kwenye chai nikamwambia kwa majivuno kwamba kuna kundi letu zuri sana, nimwingize. Akatabasamu. "Nilikuwa huko, boss. Nilitoka." Akasimulia kisa chote, Daraja, kibandiko, Kizungu, mpaka "msimamizi mmoja hivi" aliyemwambia asijaze kundi. Kundini situmii jina langu halisi. Nikaendelea kukoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka kitambo.

Nikamuuliza alitatuaje. Akasema alihangaika kama wiki mbili, akapata. "Lakini siku hizi nauliza tu ChatGPT. Hainicheki."

Hainicheki! Hakusema inajua kuliko sisi, wala kwamba haikosei. Sote tumeshaona inavyoweza kukupa jibu la uongo kwa sauti ya profesa. Sifa aliyoitaja ni hiyo moja tu, na ni sifa ambayo sisi watu elfu moja tulishindwa kuwa nayo jioni ile.

Sasa twende kwenye mfano mkubwa, maana najua wakuu wataniambia hiki ni kisa cha mtu mmoja. Wengi wenu mnaijua Stack Overflow hata kama hamjawahi kujiandikisha. Jeff Atwood na Joel Spolsky waliifungua mwaka 2008, na kwa miaka zaidi ya kumi ndipo mwandishi wa programu alipokimbilia kompyuta ikimgomea. Unauliza, watu wanajibu, wengine wanapigia majibu kura, lililo bora linapanda juu. Wazo safi kabisa. Nusu ya digrii yangu niliipatia pale (nusu ya pili niliipata kwa kukesha).

Lakini tazama alama zilivyopangwa. Kuanzia 2010 hadi Novemba 2019, mtu akilipenda jibu lako ulipata alama 10, na mtu akilipenda swali lako ulipata 5. Yaani muulizaji alihesabiwa nusu mtu. Tena ukiwa na alama chini ya 50 hukuruhusiwa kuandika maoni chini ya jibu la swali la mwenzako. Mgeni anaona jibu ambalo halijamwingia, anataka tu kuuliza "hapa umemaanisha nini?", anaambiwa alama zake hazitoshi. Anaamua kufungua swali jipya. Swali linafungwa kwa sababu linafanana na lingine la miaka ya nyuma, ambalo ndilo lile lile asilolielewa. Anapigwa kura za kumshusha juu yake. Ungekuwa wewe ungerudi?

Na si mimi ninayesema. Aprili 2018 mkubwa mmoja wa kampuni yenyewe, Jay Hanlon, aliandika hadharani kwamba Stack Overflow haikaribishi watu, na kwamba wanaoonja uchungu huo zaidi ni wageni, wanawake na watu wasio weupe. Wakatunga kanuni mpya za mwenendo. Wakaweka alama ndogo karibu na jina la mgeni ili watu wamwendee polepole. Mwaka uliofuata wakasawazisha alama za swali na jibu. Hatua nzuri zote, ila miaka kumi ilikuwa imepita na tabia ilishakomaa. Mwaka 2021 ikauzwa kwa Prosus kwa dola bilioni 1.8. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na maswali yakaporomoka mpaka, kufikia 2025, idadi ya maswali mapya kwa mwezi ilikuwa imerudi kwenye viwango vya miezi yake ya kwanza kabisa.

Wakongwe watakuambia mashine ndiyo iliyoiua. Mashine imechangia, sikatai. Lakini maswali yalikuwa yameanza kupungua miaka kadhaa kabla yake. Na watu walipopata mlango wa kutokea hawakuaga.

Hapa ndipo linapokuja jambo linalonikosesha usingizi hasa. Hiyo mashine isiyocheka ilijifunza wapi? Ilijifunza kwa maandishi ya watu, na majibu ya Stack Overflow ni sehemu yake. Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilitangaza makubaliano rasmi na Stack Overflow ya kutumia majibu hayo. Mtu fulani aliuliza hadharani bila kuona haya, mwingine akajibu hadharani bila kulipwa, ikabaki. Sasa niambieni, kwa Kiswahili yako wapi majibu ya namna hiyo? Nani ameandika kwa Kiswahili kwa nini taarifa ya Daraja haifiki? Jioni ile swali lilikuwapo, tena limeandikwa vizuri. Jibu lilikuwapo, kichwani mwangu. Nililifukuza swali, na jibu nikabaki nalo. Wanafunzi wangapi wa Kakamega na Kilifi wamekwama pale pale tangu siku hiyo?

Kuna wanaopenda kunitajia Linus Torvalds. Eti Linus aliwatukana watu miaka yote na Linux ikakua. Kwanza, Linux ina kampuni kubwa zinazolipa mishahara watu wa kuiandika, na mtu anayelipwa huvumilia mengi. Kundi letu linamlipa nani? Pili, Septemba 2018 Linus mwenyewe aliomba radhi kwa mwenendo wake, akapumzika kazi kwa wiki kadhaa, na mradi ukapata kanuni za mwenendo. Kama mwenye matusi ameyaacha, nyinyi mnayashikilia ya nini?

Nimtendee haki msimamizi mwenzangu. Ana hoja. Kundi likijaa "nisaidieni kazi ya nyumbani ya kesho" wanaojua huchoka, na wakichoka hakuna wa kujibu. Na ukarimu usio na mipaka ni hatari yake. Wanaokumbuka Mashada, lile jukwaa la Wakenya mtandaoni, wanajua yaliyotokea Januari 2008 baada ya uchaguzi. Chuki za kikabila zilijaa mpaka mwanzilishi wake, David Kobia, akaamua kulifunga, naye ni miongoni mwa walioijenga Ushahidi. Kwa hiyo sisemi mlango ukae wazi na kila mtu aropoke. Mwenye matusi ya kabila atoke siku hiyo hiyo, na hao wa "wekeza elfu moja upate elfu tano" watoke kabla hawajamaliza sentensi. Ninachosema ni kwamba sheria zetu zote zimeelekezwa kwa asiyejua, na hatuna hata moja inayomgusa anayejua na ana dharau. Maswali matatu ya kiufundi yangemzuia yule kijana. Mwenye kibandiko yangempitisha bila jasho. Mimi pia yangenipitisha.

Kuhusu kukua, nalo nisemalo ni fupi. Tunajisifu tumefika elfu moja na ushee. Juzi nilipakua mazungumzo ya mwezi mzima, nikaandika programu fupi ya kuhesabu walioandika angalau ujumbe mmoja. Hawakufika sitini, na waliouliza kwa mara ya kwanza walikuwa wanne. Idadi ni rahisi kuipandisha. Kati ya 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na zawadi zilikuwapo. Makala ziliingia kwa mamia. Shindano lilipokwisha, wengi wa walioandika hawakuonekana tena, na kazi ikarudi kwa wale wachache wanaoipenda. Zawadi inamleta mtu. Anachobakia kwacho ni kitu kingine, na mara nyingi ni kwamba siku ya kwanza kuna aliyemjibu.

Basi mimi nimepeleka hoja yangu, ipigiwe kura pamoja na ile. Kila siku awepo msimamizi wa zamu, na kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha swali la mgeni halilali bila jibu, hata kama jibu ni "sijui, ngoja nimtafute anayejua." Kumtuma mtu akasome maelezo ni ruhusa, mradi umwambie ukurasa gani na kwa nini. Kumcheka aliyeuliza, onyo moja, ya pili unapumzishwa wiki nzima, na hii iwahusu wasimamizi kwanza. Na aliyepata jibu aandike aya moja, kwa Kiswahili, kueleza tatizo lilikuwa nini. Aya hizo nitaziweka kwenye ukurasa wa wazi, maana yaliyomo kundini Google haiyaoni. Seva nitalipia mwenyewe, ni bei ya chakula cha mchana mara mbili kwa mwezi.

Ikishinda ile ya mtihani, nitaacha usimamizi Jumatatu asubuhi. Sitasusa, nitabaki mwanachama nijibu maswali kama wengine (nikifaulu mtihani, bila shaka).

Yule kijana nilimwambia ukweli Jumanne, kwamba yule "msimamizi mmoja hivi" ni mimi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa tu, boss," akageukia kompyuta yake. Baadaye jioni nikamwomba arudi kundini. Akasema atangoja aone kura ya Jumapili.

Ule mfululizo wa hifadhidata, wiki ijayo. Safari hii kweli.