Banio Bovu ni Deni la Wote

Kizota, katika jiji la Dodoma, yapo maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hilo ni jambo jema, wala hatuoni haya kulisifu ijapokuwa sisi ni wapinzani; kwani tangu zama za Nabii Yusuf (A.S.) wenye akili huweka akiba ya miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Walakin ghala haliotishi nafaka. Nafaka huota shambani, na uwanda ule hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, takriban yote baina ya Desemba na Aprili. Katika nchi kavu namna hiyo, shamba la kutumainiwa ni lile lipatalo maji ya mto, kama mashamba ya mpunga ya Bahi yanywayo maji ya Mto Bubu. Basi atakaye kujua kesho ya ghala na atazame leo hali ya mfereji.

Msomaji wetu atauliza: la Dodoma latuhusu nini sisi wa visiwani, na hali kilimo si jambo la Muungano? Swali ni la haki. Jawabu yetu ni kwamba maradhi tutakayoyataja hayana pasipoti. Yapo bara, na yakiachwa yatakuwapo Cheju, Bumbwisudi na Mtwango, yaani katika mabonde yetu wenyewe ya mpunga wa maji. Maradhi hayo ni kujenga kwa shangwe na kuacha bila ya kutunza.

Mafundi huuita banio ule ukuta wa mawe au saruji unaokatiza mto ili maji yapande na kuingia mferejini. Mito ya uwanda wa kati ni ya mchanga: miezi mingi mikavu, kisha siku moja hushuka kwa ghadhabu. Maji yarukayo juu ya banio huchimba chini ya mguu wake upande wa kushukia. Mchanga hujaa upande wa juu na kuziba lango la mfereji. Mto ukishaona mlango umefungwa, huitafuta kingo laini ya pembeni, huila, na kulizunguka banio lote. Hapo ukuta hubaki umesimama pakavu kama msikiti uliohamwa na waumini wake. Wakulima nao, kwa dhiki, hupanga viroba vya mchanga na kukata kingo mahali pengine. Na kila mkato huwa jeraha jipya la mto. Hivyo banio bovu halimnyimi mkulima maji tu, bali humnyang'anya na ardhi yenyewe.

Wala mto haujui mpaka wa mkoa. Maji ya Kinyasungwe huanza katika uwanda wa Dodoma, hupita Gulwe na Godegode, kisha huingia Mkondoa na kufika Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 tuta la zamani lililoukinga mji wa Kilosa lilishindwa. Maelfu ya watu wakakosa makazi, na Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe ikasombwa, hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba ukuta wa mto haujengwi kwa bei ya ufa.

Wala hapana awezaye kusema kuwa hatukuonywa. Bwawa la Ikowa lilijengwa mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Sweden waliyapima mabwawa manne ya karibu na Dodoma, na la Ikowa likadhihirika kuwa linajaa udongo kwa kasi: umri wake ni wa miongo, si wa karne. Udongo ule haukutoka bwawani. Ulitoka vilimani, mahali palipokatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu iliyoharibika ya Kondoa. Majani yakarudi na makorongo yakatulia, ijapokuwa wafugaji walilipa gharama kubwa. Mafunzo ni mawili: matengenezo ya banio huanzia kilimani, na mzigo wake usitwikwe wanyonge peke yao.

Tuliosoma chuoni twakijua kisa cha watu wa Sabaa na mafuriko ya Arim. Lile Bwawa la Maarib kule Yemen lilikuwa banio kubwa: liliyageuza maji ya bonde kwenda katika bustani za kulia na za kushoto. Liliishi karne nyingi kwa sababu lilitengenezwa tena na tena. Hata Abraha, ambaye wafasiri humtaja katika kisa cha ndovu, alilitengeneza mwaka 548, na khabari ya matengenezo hayo akaiandika juu ya jiwe ambalo lipo mpaka leo. Baada ya miongo michache bwawa likavunjika, na watu wakatawanyika. Tizameni basi: hata Abraha aliona fakhari kuandikwa kwa kutengeneza. Wakubwa wetu mawe yao ni ya msingi tu. Ni nani aliyepata kuona jiwe la ukarabati?

Mwenye duka huhesabu kuchakaa kwa paa na mizani katika gharama zake. Asiyefanya hivyo hula mtaji akidhani ni faida. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ilianzisha Tume na Mfuko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Kwa hivyo sheria si haba; kilicho haba ni hisabu.

Chama chetu chataka mambo matatu, bara na visiwani. Kwanza, kila skimu mpya iwe na fungu la matengenezo kabla ya jiwe la msingi. Pili, ada za wakulima zibaki katika mfereji wao, na hisabu yake isomwe hadharani. Tatu, kabla ya kila masika malango yazibuliwe, nyayo za mabanio zitiwe mawe, na kingo zipandwe miti na majani.

Nanyi wanachama mlio karibu na mabonde, nendeni mkayaone malango kwa macho yenu, muandike lipi lafunguka na lipi limeziba, mlete majina yake tawini. Hoja yenye jina la mfereji ndani yake ni nzito kuliko hotuba kumi.

Wabillahi tawfiq.