Uniti ya Katoro Bei Yake ni ya Dar

Pembeni ya barabara Katoro, mkoani Geita, petroli inauzwa kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza. Dereva wa bodaboda anamimina moja kwenye tangi, anafunga mifuko ya mawe ya dhahabu nyuma, anaelekea kwenye makarasha yanakosagwa. Kijiweni hapo ukitaja pikipiki ya umeme, utajibiwa yale yale. Nayajibu moja moja, maana anayeumia kwa kuyaamini ni dereva huyo huyo.

"Ni teknolojia ya juzi." Hapana. Siemens alionyesha treni ya umeme Berlin mwaka 1879. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa kwenye gari la umeme, kabla gari lolote la petroli halijafika hapo. Petroli ilitamba baadaye, mafuta yaliposhuka bei na, kuanzia 1912, injini ikaacha kuwashwa kwa hendeli. Kilichochukua nafasi ya hendeli ni mota ya umeme na betri.

"Haina nguvu ya kubeba mawe." Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta tangu inapoanza kuzunguka. Treni ya SGR inavutwa kwa umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Cha kukagua ni fremu, shokapu na ukubwa wa betri. Pikipiki nyepesi ya mjini isipelekwe maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu.

"Umeme wenyewe unakatika." Ni kweli, unakatika. Lakini Bwawa la Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Pengo kubwa liko kwenye nyaya na transfoma za mitaani, na hizo tuzidai. Betri nayo huchajiwa usiku, pikipiki ikiwa imelala.

"Hayo ni ya Dar, sisi tuko mbali." Umbali huo ndio sababu yetu kubwa. Petroli hutoka bandarini kwa lori, na katika bei kikomo za EWURA, Geita hulipa zaidi ya Dar. Uniti ya TANESCO haiongezeki bei kwa umbali. Kilomita 100 za bodaboda zinakula kama lita mbili za petroli, zaidi ya shilingi 5,000. Kwa umeme ni kama uniti nne, zisizofika 2,000. Na hata treni ya umeme si ya Dar tu: SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, imechorwa kupita Shinyanga.

"Betri ikifa, umeliwa." Hofu hii ni ya haki. Betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote. Ukisaini mkataba na bosi mwenye pikipiki, ukampelekea hesabu kila siku bila dhamana ya betri kwa maandishi, umebeba hasara ya bosi. Dhamana iandikwe kabla ya hesabu ya kwanza.

Kijana wa Katoro asinunue kwa sifa. Kwa wiki moja aandike kilomita zake na chupa alizomimina, kisha aweke pembeni bei ya uniti. Daftari lake litamwambia.